KUPIMA HUDUMA ZA USAFIRI WA UMMA KWA NJIA YA ULINGANISHI: FUNZO KUTOKA KATUBUKA, KIGOMA

Watumishi wa Serikali na wakaazi wote wa visiwa vyetu wanaletewa katika ukurasa huu maelezo juu ya njia mojawapo ya kuboresha usafiri wa umma, nayo ni ulinganishi wa utendaji. Neno hili limekuwa likitajwa mara kwa mara katika mikutano, semina na taarifa za kazi, na aghalabu hutajwa bila ya kufafanuliwa. Matokeo yake ni kwamba baadhi ya watumishi hulichukulia kuwa ni kazi ya wataalamu wa kigeni, na baadhi ya wananchi hulichukulia kuwa ni namna nyengine ya kuwatafuta madereva makosa. Dhana zote mbili si sahihi.

Ili maelezo yafahamike kwa urahisi, tumechagua kuyajenga juu ya mahali pamoja, napo ni kata ya Katubuka katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati nasibu. Tangu karne ya kumi na tisa Ujiji na Zanzibar ziliunganishwa na njia ya misafara, na hadi leo hali za usafiri za pande hizi mbili zinafanana kuliko inavyodhaniwa. Huko, kama huku, mwananchi hupanda daladala hadi mjini, kisha akalazimika kuvuka maji ili afike anakokwenda. Anayelinganisha Unguja na London atachoka kabla ya kujifunza chochote. Anayelinganisha mitaa yetu na Katubuka ataona mambo anayoweza kuyatenda wiki ijayo.

MAANA YA ULINGANISHI

Ulinganishi wa utendaji ni kitendo cha kupima huduma kwa vipimo vilivyokubaliwa, kuviweka vipimo hivyo kando ya vipimo vya huduma nyengine inayofanana nayo, kutafuta sababu ya tofauti inayoonekana, na hatimaye kurekebisha. Kwa hiyo hatua zake ni nne: kupima, kulinganisha, kuuliza sababu na kurekebisha. Wengi huishia kwenye hatua ya pili. Hupanga orodha ya wa kwanza hadi wa mwisho, wakampongeza wa kwanza, wakamlaumu wa mwisho, na kazi ikawa imekwisha. Hiyo ni orodha tu, wala haijabadilisha jambo lolote kwa abiria aliyesimama kituoni.

Njia hii ilianza kupata umaarufu katika viwanda. Mwaka 1979 kampuni ya Xerox ya Marekani, ilipoona mashine za kunakili kutoka Japani zinauzwa kwa bei ndogo, ilianza kulinganisha hatua kwa hatua namna zinavyotengenezwa mashine hizo na zake. Katika usafiri, mwaka 1994 mashirika ya reli za mijini ya miji mitano, yaani London, Paris, Berlin, New York na Hong Kong, yalikubaliana kupimana kwa vipimo vya namna moja. Ushirika wao baadaye uliitwa CoMET, na kazi ya kukusanya na kuchambua takwimu ikafanywa na wataalamu wa chuo cha Imperial College cha London. Mwaka 2004 ukaanzishwa ushirika wa namna hiyo kwa mashirika ya mabasi.

Hapa kwetu Tanzania njia hii si ngeni. Kwa upande wa Bara, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutoa taarifa inayolinganisha utendaji wa mamlaka za maji za miji mbalimbali: kiasi cha maji kinachopotea, saa za huduma, na idadi ya wateja waliofungiwa dira. Mkaazi wa Kigoma anaweza kujua mamlaka yake ya maji imesimama wapi mbele ya ile ya Tabora au Musoma. Ikiwa maji hupimwa hivyo, hapana sababu ya safari ya daladala kutopimwa.

HALI YA USAFIRI KATUBUKA

Kigoma ni mwisho wa Reli ya Kati, ambayo ilifika huko mwaka 1914 baada ya kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam kwa umbali unaopita kilomita 1,200. Ni bandari pia. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa, na mwaka 1927 ikaanza kutoa huduma kwa jina hilo. Kwa miongo mingi iliwafikisha watu katika vijiji vya mwambao ambavyo havikuwa na barabara.

Hata hivyo, kwa mkaazi wa Katubuka mambo ya kila siku si reli wala meli. Ni namna ya kutoka nyumbani kwenda soko la Mwanga, kwenda Ujiji, kwenda hospitali ya Maweni, au kwenda Kibirizi zinakotia nanga boti ziendazo vijiji vya kaskazini. Safari hizi hufanywa kwa daladala, bajaji, bodaboda na kwa miguu. Ni safari fupi, lakini kwa mama mjamzito, kwa mwanafunzi wa asubuhi na kwa mchuuzi wa dagaa ambaye mzigo wake hauwezi kungoja jua lipande, ni safari zenye uzito mkubwa.

Kama ilivyo katika miji yetu yote, gari hizi ni za watu binafsi. Jijini Dar es Salaam, Shirika la Usafiri, UDA, lililoundwa mwaka 1974, lilishindwa kumudu idadi ya abiria, na mwaka 1983 gari za watu binafsi zikaruhusiwa rasmi kubeba abiria mijini. Jina la daladala lilitokana na dala, yaani shilingi 5, iliyokuwa nauli. Kwa upande wa Bara, usimamizi wa usafiri huo umo mikononi mwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kuchukua sehemu ya kazi za SUMATRA. Mamlaka hutoa leseni, hupanga njia na hutangaza nauli za ukomo. Lakini leseni haitoi jawabu la swali la abiria: nitangoja muda gani, na je, nitafika?

VIPIMO SITA VYA KUANZIA

Ofisi nyingi huharibu kazi hii kwa kuanza na vipimo vingi mno. Fomu ya kurasa kumi haijazwi kwa ukweli. Kwa eneo lenye ukubwa wa kata au shehia, vipimo sita vyatosha, navyo ni hivi:

1. Muda anaongoja abiria kituoni, asubuhi, mchana na jioni.

2. Safari zilizokamilika. Kati ya gari 10 zilizoondoka, ni ngapi zilifika mwisho wa njia bila ya kukatisha ruti na kuwashusha abiria katikati?

3. Idadi ya abiria waliobebwa ikilinganishwa na idadi iliyoandikwa kwenye leseni ya chombo.

4. Nauli iliyotozwa ikilinganishwa na nauli iliyotangazwa, hasa nyakati za mvua na za usiku.

5. Walioachwa kituoni: wanafunzi, wazee, watu wenye ulemavu na wenye mizigo.

6. Ajali na matukio ya hatari, pamoja na yale ambayo hayakusababisha majeruhi.

Vipimo hivi havihitaji mitambo. Vinahitaji mtu mmoja mwenye saa, daftari na kalamu, akikaa kituoni kwa saa zilizopangwa, siku za kawaida na siku ya soko, na kurudia zoezi hilo kwa wiki kadhaa. Kipimo cha siku moja hakina maana, kwani siku hiyo huenda ilinyesha mvua, au kulikuwa na msiba, au askari wa usalama barabarani walikuwa wengi kuliko kawaida.

MFANO WA HESABU YA KUNGOJA

Wasomaji wengine watasema kuwa muda wa kungoja unajulikana: hesabu idadi ya gari kwa saa, na kazi imekwisha. Mfano ufuatao, ambao ni wa kufikirika, unaonesha kuwa sivyo.

Tuseme katika kituo kimoja hupita gari 6 kwa saa. Zikipishana kwa dakika 10 barabara, abiria anayefika wakati wowote atangoja, kwa wastani, dakika 5. Sasa tuseme katika kituo cha pili pia hupita gari 6 kwa saa, ila zinakuja mbili mbili: gari ya kwanza, baada ya dakika 2 ya pili, kisha kimya cha dakika 18. Kwenye karatasi vituo hivi viwili viko sawa. Lakini katika kila dakika 20, dakika 18 ni za kimya. Kwa hiyo, kati ya abiria 10 wanaofika kituo cha pili, 9 wataingia katika kipindi hicho kirefu na kungoja wastani wa dakika 9, na mmoja tu ataingia katika kipindi kifupi na kungoja dakika 1. Wastani wa wote ni dakika 8 na nukta 2.

Idadi ya gari ni ile ile, mafuta ni yale yale, barabara ni ile ile, na hata hivyo abiria wa kituo cha pili anangoja zaidi kwa dakika 3 na ushei kila safari. Akisafiri mara mbili kwa siku, katika mwezi wa siku 25 za kazi amepoteza zaidi ya saa 2 na nusu. Tena huyo ni abiria wa wastani. Yule aliyefika mara tu baada ya gari ya pili kuondoka amesimama juani dakika 18. Mtumishi anayepeleka kwa wakubwa wake taarifa isemayo kuwa gari ni 6 kwa saa hajasema uongo, lakini hajaeleza shida iliyopo.

SABABU YA TOFAUTI

Tukishaona kuwa gari za kituo fulani hazipishani sawasawa, hatua ya tatu ni kuuliza sababu. Hapa ndipo ulinganishi unapotofautiana na lawama. Jawabu jepesi ni kuwa madereva hawana nidhamu. Jawabu la kweli hupatikana kwa kuwasikiliza.

Dereva wa daladala, iwe Kigoma, Dar es Salaam au Unguja, aghalabu hupewa gari kwa sharti la kupeleka kwa mwenye gari kiasi maalumu cha fedha kila jioni, na kiasi hicho huitwa hesabu. Mafuta ni juu yake. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho anachogawana na utingo wake. Kwa mpango huo, kila tabia inayowaudhi abiria ina maelezo. Hung'ang'ania kituoni hadi gari ijae kwa sababu kiti kitupu ni hasara yake. Hukimbizana na mwenzake kwa sababu anayefika kwanza huchukua abiria. Hukatisha ruti kwa sababu mwisho wa njia hakuna watu wa kurudi nao. Humwacha mwanafunzi kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo na nafasi anayokalia ni ile ile ya mtu mzima.

Faini pekee haiwezi kuondoa mambo haya, maana faini hulipwa kutokana na fedha ile ile ya hesabu, na dereva hulazimika kukimbia zaidi ili aifidie. Linaloweza kusaidia ni kubadili mpangilio: vyama vya wenye gari kukubaliana kuwa gari ziondoke kwa zamu na kwa dakika, si kwa kujaa, au mapato ya njia moja kukusanywa pamoja na kugawanywa. Kama kituo kimoja kina utaratibu wa zamu na chengine hakina, vipimo vya vituo hivyo viwili vikiwekwa pamoja vitaonesha faida au hasara ya utaratibu huo kuliko hotuba yoyote.

KULINGANISHA NA NANI?

Kanuni ya kwanza ni kulinganisha vinavyofanana. Katubuka ilinganishwe kwanza na kata jirani, kisha na miji yenye ukubwa unaokaribiana nayo. Miji mikubwa itumike kwa kujifunza jambo moja moja, si kwa kupanga nani bora.

Dar es Salaam ina funzo lake. Mabasi yaendayo haraka yalianza huduma mwezi Mei 2016 katika njia ya kilomita 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi yake, na jiji hilo likapata Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018. Muda wa safari kwa mkaazi wa Kimara ulipungua sana. Wakati huo huo, karakana ya mabasi iliyojengwa katika bonde la Jangwani ilifurika mara kadhaa, mabasi yakaharibika na huduma ikasimamishwa. Na upungufu wa mabasi ukazua misongamano vituoni. Anayetazama kasi pekee ataona ushindi. Anayetazama pia siku ambazo huduma haikuwepo ataona sura ya pili. Funzo hili linaihusu Kigoma moja kwa moja, kwa kuwa kuanzia mwaka 2020 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuathiri maeneo ya mwambao, na gari haliwezi kufika kwa wakati mahali ambapo barabara imo majini. Kipimo cha safari zilizokamilika hapana budi kigawanywe kwa misimu ya kiangazi na masika.

Kigali, nchini Rwanda, ina funzo jengine. Mwaka 2013 jiji liligawanywa katika maeneo, na kampuni chache zikapewa mikataba ya kuhudumia kila eneo badala ya kila mwenye gari kujiendea. Baadaye ikaja kadi ya kulipia nauli. Utaratibu uliongezeka na ugomvi wa kugombea abiria ukapungua. Lakini miaka iliyofuata foleni ndefu za abiria zilirejea saa za kwenda na kurudi kazini, kwa sababu idadi ya mabasi haikuongezeka sambamba na watu. Mkataba mzuri bila ya gari za kutosha haumwondoi mtu kituoni.

Kenya nayo inakumbukwa kwa kanuni zilizosimamiwa na Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa mwezi Februari 2004. Matatu zilitakiwa kuwa na vidhibiti mwendo na mikanda, na abiria wasizidi viti. Mabadiliko yalionekana mara moja. Kadiri muda ulivyopita na usimamizi ulivyolegea, mazoea ya zamani yalirudi katika njia nyingi. Hili linatufundisha kwamba kipimo kinachochukuliwa mara moja, siku ya uzinduzi, humpa kiongozi furaha lakini hakimlindi abiria. Kupima ni kazi ya kudumu kama vile kufagia ofisi.

VYOMBO VYA MAJINI

Wasomaji wa visiwani hawahitaji kuelezwa kwa nini kipimo cha tatu, yaani idadi ya waliobebwa dhidi ya idadi iliyoruhusiwa, ndicho kizito kuliko vyote. Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa na watu wengi mno kupita uwezo wake. Tarehe 18 Julai 2012 ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliopoteza maisha walizidi 220. Kwa maneno mengine, waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya mara mbili ya wale walioruhusiwa kupanda.

Katika misiba ya namna hii swali la kwanza huwa ni hili: walikuwemo watu wangapi? Na aghalabu hakuna anayeweza kujibu kwa yakini, kwani waliopanda hawakuhesabiwa, au walihesabiwa tiketi na si watu, na watoto wachanga na waliorukia chombo dakika za mwisho hawakuandikwa popote. Hesabu ambayo haikufanywa gatini hufanywa baadaye ufukoni, kwa majina yanayoletwa na ndugu.

Kibirizi na Malindi, Mkoani na Kagunga, zote zina haja ya kitu kimoja: mtu anayehesabu vichwa kabla ya kamba kufunguliwa, mwenye madaraka ya kusema imetosha, na ambaye daftari lake husomwa na mtu mwengine. Daftari la bandari moja likilinganishwa na la nyengine, chombo kimoja, siku moja, itajulikana kama waliopanda ndio walioshuka. Huo nao ni ulinganishi, tena wa aina iliyo rahisi kuliko zote, na gharama yake ni daftari mbili.

HATARI ZA KUEPUKWA

Ulinganishi una madhara ukitumiwa vibaya. Hatari ya kwanza ni kupima kilicho rahisi na kuacha kilicho muhimu. Ni rahisi kuhesabu leseni zilizotolewa, na ni vigumu kumhesabu mtu aliyeachwa kituoni. Ofisi ikiridhika na leseni, itaonekana inafanya vizuri huku mwanafunzi akichelewa skuli kila siku.

Hatari ya pili ni kipimo kugeuka kuwa shabaha. Dereva akiambiwa kuwa atapimwa kwa kuwahi tu, atapita vituo bila ya kusimama. Akiambiwa atapimwa kwa idadi ya safari tu, atakimbia. Ndiyo maana vipimo vyote sita husomwa kwa pamoja. Kasi iliyoongezeka pamoja na ajali si maendeleo.

Hatari ya tatu ni hofu. Anayeamini kuwa takwimu zake zitatumiwa kumwadhibu, atazipika. Mashirika ya CoMET yalilitambua jambo hili tangu mwanzo, na yakakubaliana kuwa takwimu wanazopeana zibaki siri miongoni mwao, ili kila mmoja awe huru kueleza udhaifu wake. EWURA nayo imechagua njia nyengine, ya kutangaza. Ukurasa huu unaona kuwa kwa usafiri wa mitaani njia ya kati inafaa: matokeo ya njia nzima au kituo kizima yabandikwe hadharani, kwa kuwa huduma ni ya umma, na takwimu za dereva mmoja mmoja zibaki baina yake, chama chake na msimamizi, isipokuwa pale ambapo maisha ya watu yamehatarishwa. Kuzidisha abiria majini hakustahili siri ya namna yoyote.

Hatari ya nne ni kulinganisha bila ya kuzingatia tofauti. Njia ya lami ya tambarare na njia ya udongo ya mlimani haziwezi kutoa gharama sawa ya mafuta. Anayezilinganisha bila ya kusema hivyo hamtendei haki dereva wa mlimani.

WAJIBU WA WATUMISHI NA WA WAKAAZI

Mtumishi anayehusika na usafiri, katika wilaya au manispaa, anaweza kuanza na kituo kimoja na wiki nne. Achague saa tatu kwa siku, apime vipimo alivyoweza, aandike na hali ya hewa ya siku hiyo. Kisha akutane na mwenzake wa eneo jirani aliyepima kwa fomu ile ile. Wasikutane kushindana; kila mmoja aje na swali moja: wewe unafanyaje hili ambalo mimi linanishinda? Baada ya hapo wachague jambo moja tu la kurekebisha, kwa mfano zamu za kuondoka asubuhi, na wapime tena baada ya miezi mitatu. Kama hakuna kilichobadilika, waandike hivyo hivyo. Taarifa inayokiri kushindwa ina manufaa zaidi kwa atakayefuata kuliko ile inayoficha.

Wakuu wa idara nao wanakumbushwa kuwa takwimu zilizokusanywa na kufungiwa kabatini huwavunja moyo waliozikusanya. Mtumishi aliyekaa juani wiki nne akihesabu gari, kisha asisikie lolote, mara ya pili ataandika namba akiwa kivulini.

Mkaazi naye ana nafasi yake. Kwa upande wa Bara lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, ambalo kazi yake ni kupokea maoni na malalamiko ya abiria. Kwetu, sheha na kamati za shehia ndio mlango wa karibu. Lalamiko lenye manufaa ni lile lenye siku, saa, njia na jambo lililotokea. Kusema kuwa gari za huko ni mbaya hakumsaidii anayetaka kurekebisha. Kusema kuwa Jumatatu na Jumanne, kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na nusu asubuhi, gari 4 zilipita bila ya kuchukua wanafunzi, ni kipimo kamili, hata kama aliyekitoa hakusomea takwimu.

Walimu wa skuli wanaweza kusaidia kwa kuandika waliochelewa kwa sababu ya usafiri. Wauguzi wanaweza kumwuliza mgonjwa alitumia muda gani njiani. Wenye gari wanaweza kukubali kuwa hesabu ya siku ipungue siku ambazo dereva alifuata zamu. Kila mmoja wao ana sehemu ya picha ambayo ofisi pekee haiwezi kuiona.

HITIMISHO

Mkaazi wa Katubuka anayesimama barabarani alfajiri na mkaazi wa Unguja au Pemba anayesimama gatini hawaulizi kama mji wao ni wa kwanza au wa mwisho. Wanataka gari lije, chombo kisizidishe, nauli isipandishwe kwa sababu ya mvua, na wafike. Ulinganishi ni chombo cha kuwasaidia wanaotoa huduma kujua ni wapi hayo hayatimizwi, ni nani ameyatimiza katika hali inayofanana, na ni jambo gani alilolifanya.

Watumishi wanaombwa kuyasoma maelezo haya pamoja na wenzao katika vikao vya idara, na wakaazi wanaombwa kuyajadili katika mikutano ya shehia. Penye daftari, saa na mtu mkweli, kazi inaweza kuanza.